Barakoa za Wageni

Iko siku moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na wala si siku ya msiba. Ni siku tuliyosifiwa. Wakaguzi walikuja katika hospitali niliyokuwa nikifanyia kazi hapa Thika, watu watano wenye suti na mafaili, na mimi ndiye nilikuwa msimamizi wa wadi ya kifua. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, wiki chache tu tangu nipewe cheo, na kichwa kilikuwa kimeshaanza kuvimba. Sakafu iling'aa. Mashuka yalikuwa yamenyooshwa mpaka wagonjwa wenyewe wakaogopa kujigeuza kitandani.

Kabla wageni hawajavuka mlango wa wadi, nilifungua kabati la ofisini, nikatoa boksi la barakoa za N95, zile nzito za kukinga TB, nikampa kila mmoja yake kwa mikono miwili. Wakavaa. Mmoja wao, daktari mnene mwenye sauti ya upole, akanitazama usoni. Mimi nilikuwa na ile barakoa nyembamba ya buluu inayoning'inizwa masikioni. Nyuma yangu alisimama Nekesa, mhudumu wa wadi yetu, na mopu mkononi, naye hakuwa na hata hiyo ya buluu. Alikuwa amejifunga leso puani.

"Na nyinyi, sista? Zenu ziko wapi?"

"Aa, daktari," nikasema, "sisi tumezoea."

Wakacheka. Nikacheka pamoja nao. Nekesa pia alicheka, kwa adabu, kama mtu anavyocheka mkubwa wake anapofanya mzaha. Tukapita kitanda kwa kitanda, na mwisho wakaandika kwamba wadi ni safi na msimamizi ni mtu makini. Karatasi hiyo niliibandika ukutani mwenyewe.

Nimeamua kukuandikia haya, Wairimu, kwa sababu tukizungumza kwa mdomo tutagombana tena kama Jumapili. Ukimaliza kusoma, wape na wenzako hapo wadini kwenu Ruiru wasome. Wao pia ni watoto wangu, hata kama hawanijui, na nina hakika wana ujinga kama wako.

Maana Jumapili ulinichosha. Umekuja na mtoto kutoka Mwihoko, tumetoka kanisani, tumekula, mimi natoka nje kuanua nguo kabla mvua haijaanza, na nakuta nini kwenye kamba yangu? N95 mbili zimebanwa kwa vibanio, katikati ya soksi za mjukuu wangu, zinadondosha maji ya sabuni. Nilisimama nikazitazama. Nilidhani labda macho yangu yameanza kuniacha.

"Wairimu! Hii ni nini?"

"Ni mask zangu, Mum. Zilikuwa zimeanza kunuka, nikaziosha tu kidogo."

"Umeosha N95? Na sabuni?"

"Si sabuni mingi. Na hata nilikuwa nizipige pasi, lakini stima ikapotea."

Haiya! Pasi! Miaka mitatu nimekulipia chuo cha uuguzi, umevalishwa kofia, umeapa mbele ya watu na mshumaa mkononi, halafu unataka kupiga N95 pasi kama kola ya shati. Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kama kuna nyoka. Na wewe, badala ya kunyamaza, ukanijibu. Ulinijibu ukiwa umeshika kiuno.

"Sasa Mum unataka nifanye aje? In-charge wa wadi amefungia zingine kwa ofisi. Amesema ni za visitors na madaktari. Mimi niko na hizi mbili tangu mwezi uliopita. Ama unataka niingie hivyo tu?"

Nilichukua kikapu cha nguo nikaingia ndani, na nilipotoka ulikuwa umeshafungasha mtoto na kwenda. Najua ulifikiri umenishinda. Hukunishinda, mwanangu. Nilinyamaza kwa aibu, na sababu ya aibu yangu ndiyo hii ninayokuandikia.

Lakini kwanza tumalize hayo ya kuosha, maana sitapata usingizi mzuri kabla hujanielewa. Kitambaa cha N95 si kama cha leso. Ndani yake kuna nyuzi nyembamba zilizotiwa nguvu fulani ya kunasa vumbi, na hicho kidudu cha TB kinaelea hewani pamoja na hilo vumbi. Sabuni ikiingia, ile nguvu inaisha. Barakoa itabaki na umbo lake, itabaki nyeupe, itanukia vizuri hata, na haitakukinga jinsi inavyopaswa. Utaingia chumba cha mgonjwa ukiwa umejiamini bure. Afadhali ungeingia huna kitu usoni, maana angalau ungeogopa na ungetoka haraka.

Sasa turudi kwa hilo kabati langu.

Usidhani nilikuwa mwizi. Sikupeleka hata barakoa moja nyumbani. Usidhani pia nilikuwa na roho mbaya, kwa sababu Nekesa nilimpenda kuliko wauguzi wangu wote. Mimi nililelewa na nyanya yako, na unamjua nyanya yako. Katika nyumba yake kikombe kizuri kilikuwa cha mgeni. Sisi watoto tulinyweshwa chai katika vikombe vya bati vilivyopasuka rangi, na vile vya udongo vyenye maua vilikaa kwenye kabati la kioo vikingoja watu wa kanisa. Paja la kuku lilikuwa la mgeni. Taulo mpya ilikuwa ya mgeni. Ndivyo tulivyofunzwa heshima, na mimi niliichukua heshima hiyo nikaenda nayo mpaka wadi ya TB, bila kujiuliza hata siku moja kama inafaa huko.

N95 zilipoletwa, maboksi manne, niliyashika kama vitu vilivyowekewa harusi. Nikasema hizi tukizigawa ovyo zitaisha, na siku wakubwa wakija tutawapa nini? Nikazifungia. Wauguzi wangu nikawapa zile za buluu. Nekesa na wafagiaji wengine sikuwapa kitu, kwa sababu nilijiambia kwamba wao hawamshiki mgonjwa, wanashika ndoo tu. Tazama akili hiyo. Mtu anayebadilisha mikebe ya makohozi kila asubuhi, anayeingia chumba kile mara kumi kwa siku, anayekaa humo kuliko daktari na mimi tukiunganishwa, huyo ndiye niliona hahitaji kitu puani. Mgonjwa wa TB hachagui akohoe wakati muuguzi yupo, anyamaze mfagiaji akiingia.

Na hata hizo za buluu, mwanangu, niliziona ni ulinzi. Siku hizo nilikuwa sijui, au nilikuwa nimefundishwa nikasahau, na najua wengi wenu mpaka leo mnazichanganya. Ile ya buluu ni ya kumvalisha mgonjwa, izuie mate yake yasiruke. Hewa inapita pembeni mwa mashavu kama inavyopita mlangoni. N95 ndiyo ya anayehudumia, kwa sababu inabana uso na hewa yote inalazimika kupita katika kitambaa. Nimewahi kuona wadi ambapo mgonjwa kavalishwa N95 na muuguzi kavaa ya buluu, wakitazamana hivyo, kila mmoja na ya mwenzake. Nilitaka kulia.

Nikueleze basi Nekesa alikuwa mtu wa namna gani. Alitoka upande wa Bungoma, akaja huku akiwa msichana kutafuta kazi katika mashamba ya kahawa, na kahawa ilipoanguka akaajiriwa hospitalini kufagia. Alikuwa na masikio ambayo sijaona kwa mtu mwingine. Alikuwa akijua wagonjwa kwa vikohozi vyao. Angekuwa mbali kule anakooshea vyombo, maji yakimwagika, halafu anyanyue kichwa na kusema, "Sista, yule mzee wa dirishani leo anakohoa vibaya, enda umuangalie." Nami naenda, na kweli namkuta mzee ametapika damu. Madaktari walikuwa wakimtania kwamba siku moja watamnyang'anya mopu wampe stetoskopu. Wagonjwa wawili watatu walipona kwa ajili ya masikio hayo, si kwa ajili yangu.

Kikohozi chake mwenyewe sikukisikia mimi. Yeye alikuwa akikificha. Anatoka nje, anakohoa nyuma ya tangi la maji, anarudi anafagia. Akawa anapungua mwili, na sisi tukamtania kwamba mapenzi yanammaliza. Siku moja alipokuwa akiinama kupiga deki, akashika kitanda cha mgonjwa, akakaa chini sakafuni katika maji yake ya sabuni. Hapo ndipo tulipompima.

Ilikuwa TB, na si ya kawaida. Ilikuwa ile sugu, isiyosikia dawa za kawaida, sawa kabisa na ya kijana mmoja aliyekuwa amelazwa kwetu katika chumba cha pembeni, ambaye Nekesa alikuwa akimpelekea uji kwa sababu ndugu zake walikuwa wameacha kuja. Hakuna aliyehitaji kuniambia aliitoa wapi.

Siku hiyo ndipo nikafungua kabati. Nilikwenda mbio, nikashusha maboksi, nikaita watu wangu wote, wauguzi na wafagiaji, nikasema kuanzia leo kila mtu anavaa. Kabati hilo lilikuwa limeegemea ukuta wa chumba cha kuchemshia vifaa, joto usiku na mchana, na barakoa zangu zilikuwa zimekaa humo zikingoja wageni zaidi ya miaka miwili. Muuguzi wa kwanza alivuta mpira apitishe kichwani, ukakatika. Wa pili, ukakatika. Tulisimama pale tukivuta mipira, na kila mmoja ulikuwa ukikatika mikononi mwetu kwa mlio mdogo. Boksi zima. Tukafungua la pili. Mimi nilitamani mtu anitukane.

Dawa za TB sugu wakati huo zilikuwa pamoja na sindano, kila siku, kwa miezi. Siku hizi nasikia wanatibu kwa vidonge, na ninashukuru Mungu. Nekesa alidungwa, na aliyemdunga ni mimi. Sikutaka mwingine afanye. Asubuhi anajilaza, namtafutia mahali pasipo na uvimbe, namdunga, ananiambia asante sista. Kila siku asante sista. Mwanangu, kuna asante inayouma kuliko tusi.

Mwezi wa tatu hivi akasema masikio yanalia, kama mtungi wa gesi unaovuja. Nilimwambia daktari, daktari akakuna kichwa, akasema ni zile sindano. Tukiacha sindano ugonjwa utamuua, tukiendelea masikio yatakwenda. Akamwuliza Nekesa mwenyewe. Akasema yeye ana watoto, adungwe tu.

Basi ikafika asubuhi moja, alikuwa ameanza kupata nguvu, akaomba apewe kitambaa apanguze madirisha kwa sababu kukaa bure kunamchosha. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nyuma yake, kitanda cha tatu, mgonjwa alianza kukohoa, kile kikohozi kirefu cha kukata pumzi ambacho zamani kingemtoa Nekesa mbio hata akiwa nje. Nikamtazama. Aliendelea kupanguza kioo. Mgonjwa anakohoa, kitanda kinatikisika, na Nekesa anapanguza kioo polepole, kona kwa kona, hajageuka. Nilikimbilia mgonjwa, nikamkalisha vizuri, kisha nikaingia chooni nikajifungia nikalia.

Alipona TB. Masikio hayakurudi. Hospitali ikamwambia haiwezi kumtumia mtu asiyesikia, akapewa barua na keki, na tukaimba.

Mimi sikuugua. Hata siku moja. Hilo nalo linaniudhi mpaka leo, kwa sababu watu walikuwa wakinitazama wakasema Mungu anamlinda sista, na wengine wakaniiga. Nilikaa kazini miaka mingi baada ya hapo, na nilikuwa mkali kuhusu barakoa hadi wakanipa majina. Lakini sikumwambia Nekesa kuhusu kabati. Nilikuwa nikimtembelea kwake Mwiki, nampelekea unga na sukari, tunakaa, naondoka. Kila mara najiambia leo nitasema, na kila mara nasema habari za watoto.

Sasa ulipopaza sauti Jumapili ukasema in-charge amefungia, ilikuwa kama umeniita jina. Jumanne nikaamka, nikavaa, nikaenda Mwiki.

Nekesa ana kibanda cha mboga mbele ya ploti anayoishi. Amezeeka, lakini mikono ni ileile, haitulii, inakata sukuma huku macho yanatazama barabara. Pembeni ya mizani kuna daftari la shule limefungwa kwa uzi pamoja na kalamu, na mteja anayetaka kitu anaandika au anaonyesha kwa kidole. Yeye hujibu kwa mdomo, na kwa sababu hajisikii, hujibu kwa sauti ya kuhubiri. Alinipa stuli. Nikachukua daftari. Niliandika, na mwandiko wangu ulikuwa kama wa mtoto: *Nekesa, siku zile barakoa nzuri zilikuwepo. Mimi ndiye nilizifungia kabatini. Niliziweka za wageni.*

Alisoma. Alisoma polepole, kisu bado mkononi. Kisha akasema, na barabara nzima ikasikia:

"Lakini nilijua, sista."

Nikayasoma tena maneno yangu daftarini.

"Si mimi ndiye nilikuwa nasafisha hiyo ofisi yako? Kila asubuhi. Hizo boksi nilikuwa nazipanguza vumbi. Boksi nne. Nilikuwa nangoja unipe."

Mama mmoja aliyekuwa akichagua nyanya akaacha kuchagua. Nikashika kalamu tena. *Mbona hukuniomba?*

Akacheka kidogo, si kwa ubaya.

"Ningekuomba aje? Wewe ulikuwa mkubwa. Na wewe mwenyewe ulikuwa huvai! Nikasema, kama sista mwenyewe havai, mimi Nekesa ni nani nivae?" Akaweka kisu chini. "Usiniandikie pole. Hiyo pole umekuwa ukileta na sukari miaka yote, nimeiona. Wairimu yuko wapi siku hizi?"

Nikaandika: *Ni nurse. Ruiru.*

"Wadi gani?"

*Ya kifua.*

Akanitazama na yale macho ambayo siku hizi ndiyo masikio yake.

"Na yeye anavaa?"

Nilishika kalamu, Wairimu. Nitaandika nini? Kwamba anavaa, lakini ameiosha na sabuni ya unga kwa sababu mtu kama mimi amekalia maboksi? Nilirudisha daftari mahali pake. Nekesa akanifungia mchicha ambao sikuwa nimeununua, akanipa, akaendelea na kazi yake.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa sikubembelezi.

Kesho ukiingia kazini, kabla hujagusa faili la mgonjwa, nenda ofisini kwa in-charge wako. Usiende peke yako ukionekana mkaidi. Nenda na muuguzi mwenzako, na nendeni na yule anayefagia wadi yenu. Jina lake hulijui, nakujua wewe, kalijue. Mwambieni kwa heshima, lakini mseme wazi: sisi tunaoingia chumba cha TB tunahitaji N95, kila mmoja na yake, na mfagiaji naye. Akisema ni za wageni, mwambie mgeni anapita dakika kumi na nyinyi mnashinda humo. Akisema zitaisha, mwambie zikae ziishe usoni mwa watu, si kabatini, kisha aandike barua aombe nyingine. Akikataa kabisa, mwandikie, mbaki na nakala, na mwende kwa mkubwa wake. Atakasirika. Akasirike. Mimi pia ningekasirika, na leo ningekuwa namshukuru huyo aliyenikasirisha.

Msingoje kupewa. Nekesa alingoja. Alikuwa na adabu nzuri kuliko sisi wote, akangoja kwa adabu, miaka miwili na zaidi, akipanguza vumbi kwenye kitu ambacho kingemkinga. Sitaki adabu ya namna hiyo kwako. Heshima niliyokufundisha ni ya kumpisha mzee kiti na kusalimia watu, si ya kuvuta hewa yenye ugonjwa ili mkubwa wako asijisikie vibaya.

Na ukiipata, uivae kama mtu aliyesoma. Mpira mmoja juu ya kichwa, mwingine chini ya masikio, shingoni, si yote miwili pamoja kwa sababu unaogopa kuharibu nywele. Hicho chuma cha puani kibonyeze kwa vidole vya mikono yote miwili. Kisha pumua kwa nguvu uone kama hewa inatoroka pembeni; ikitoroka, rekebisha, ukishindwa, usiingie. Mwambie yule clinical officer wenu mwenye ndevu za kujivunia kwamba N95 haishiki juu ya ndevu, achague moja. Usiivute kidevuni kila ukitaka kuongea na simu. Ukitoka, iweke katika mfuko wa karatasi ulioandikwa jina lako, ikae kavu. Ikilowa, ikikunjika, mpira ukilegea, itupe, na uende ukadai nyingine. Madirisha yaachwe wazi hata kukiwa na baridi. Mgonjwa aongezewe blanketi. Na usiioshe. Ngai! Usiioshe, hata ikinuka vipi.

Najua pia mnachofanya mnapofika kwa mgonjwa mzee. Mnaishusha ili asione mnamdharau, kwa sababu kwetu kumfunikia mzee pua ni kama kumwambia ananuka. Hilo ninalielewa, hata mimi nilifanya. Lakini lina dawa rahisi. Keti hapo karibu naye, mwite Guka kama babu yako, mwambie, "Guka, hii naivaa ndio nisiwe mgonjwa, nikuje tena kesho nikuhudumie." Sijaona mzee aliyeambiwa hivyo akakasirika. Wengine hata hukuonya usiivue.

Halafu kuna hili la mwisho, na hili ndilo linalonichoma. Siku moja utapewa wadi. Una akili, watakupa, na kichwa chako kitavimba kama changu. Siku hiyo barakoa ya kwanza kabisa umpe anayefagia, mbele ya watu wote, na ya pili uivae wewe mwenyewe, waone. Watakutazama kabla ya kusoma bango lolote ukutani. Ukijifanya shujaa, utakayemuua kwa ushujaa wako si wewe.

Najua nimekugombeza sana katika karatasi hizi. Nimegombeza kwa sababu naogopa, na sijawahi kujua namna nyingine ya kuogopa. Nakuona ukirudi jioni katika chumba chenu Mwihoko, chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, mtoto anakukimbilia kabla hata hujavua viatu, anakurukia shingoni na kukupumulia usoni, nawe unampumulia.

Mungu akulinde, mwanangu, wewe na wenzako wote mnaoingia vyumba ambavyo wengine wanavikimbia. Akupe kifua kisafi na mdomo usioogopa kudai kilicho chako. Akupe miaka mingi kuliko yangu. Na utakapokuwa mzee kama mimi, umeketi nyumbani kwako jua likikupiga miguu, mjukuu akikuita kutoka chumba kingine, umsikie kwa mwito wa kwanza, nawe uitike.